Viti Saba vya Kamati ya Dawa

Hapo zamani za mwaka juzi, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu bado naishi humo, Serikali iliwahurumia wagonjwa. Iliwahurumia ghafla, Jumatatu asubuhi, redioni. Ikasema kuanzia siku hiyo mtu akiandikiwa dawa na daktari, Serikali italipa sehemu kubwa ya bei na mgonjwa atachangia kidogo tu, kama bei ya andazi moja. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Kondo, jirani yetu mwenye shinikizo la damu, alifurahi mpaka shinikizo likampanda.

Jioni ya siku hiyohiyo Serikali ikarudi redioni kufafanua. Kwa kuwa si serikali ya kiimla, haiwezi kujifungia peke yake ikajiamulia dawa zipi zipunguzwe bei. Itaunda kwanza Kamati ya Ushauri. Na kwa kuwa haipendi kuitangulia kamati ambayo bado haijazaliwa, dawa zote, pamoja na zile zilizokuwa zikitolewa tangu enzi za babu zetu, zitarudishwa stoo zisubiri kushauriwa.

Mimi naitwa Sikudhani, na ni mwepesi wa kuamini. Nimefika kidato cha nne, nikapata matokeo yaliyoifanya familia nzima inyamaze, na tangu hapo nauza maandazi na shangazi yangu nje ya stendi. Niliposikia neno "kamati" nikapumua. Kwetu hata harusi ya watu wasio na kitu ina kamati, inakaa vikao vitatu, na siku ikifika mtu anaolewa na pilau linalika. Nikamwambia Shangazi asiwe na wasiwasi, ni wiki mbili tu.

Shangazi Mwantumu alikuwa akigeuza maandazi kwenye karai. Hakuniangalia. "Wiki mbili," alisema. "Haya."

Shangazi ana kifafa tangu utotoni. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na kwa miaka sita hakuwa ameanguka hata mara moja. Vidonge alivichukua kwenye zahanati iliyo ndani ya uwanja wa Wizara ya Afya, dirisha namba nne. Sasa dirisha lilikuwa limefungwa na limebandikwa karatasi: TUNASUBIRI KAMATI. Duka la dawa la mjini lilikuwa navyo, ila kwa bei ambayo mtu anaiuliza mara moja tu maishani mwake. Kwenye mkebe wake vilibaki vidonge themanini. Usiku ule nilimkuta anavipasua katikati kwa kisu cha mkate.

"Si nimekwambia wiki mbili?"

"Nimekusikia, mwanangu. Nakata kwa ajili ya wiki ya tatu."

*

Wizara haikulala. Iliunda Kamati ya Kuteua Kamati, nayo ikakaa mwezi mzima kujadili idadi ya wajumbe. Watano walionekana wachache kwa taifa lenye heshima zake. Kumi na mmoja walionekana wengi mno. Mwishowe mtu mwenye akili akaenda ukumbini, akahesabu viti vya ngozi vyenye magurudumu, akakuta viko saba. Basi sayansi ikaamua: wajumbe saba.

Sifa za mjumbe zikatangazwa gazetini. Awe amekaa kwenye kamati yoyote kwa muda usiopungua miaka kumi na mitano. Kwa hiyo Mwenyekiti akawa Profesa Ludigo, bingwa wa viboko, aliyeitumikia Kamati ya Kitaifa ya Viboko mpaka viboko wakaisha. Alifuatiwa na mstaafu wa Kamati ya Stempu, shemeji wa mtu fulani, na mtu fulani mwenyewe.

Kiti cha saba sheria ilisema ni cha mgonjwa. Mwalimu Nyamizi, aliyetufundisha sote shule ya msingi na ambaye ana sukari, alivaa viatu vyake vya Idi akaenda kuomba. Alipokewa na Bwana Chambuso, afisa itifaki wa Wizara na katibu wa kamati mtarajiwa: mtu mwembamba, mpole, suti moja, mihuri tisa. Bwana Chambuso akamweleza kwamba mwombaji wa kiti hicho anatakiwa kuleta vyeti viwili. Cha kwanza kithibitishe kwamba anaumwa. Cha pili ni kile wanacholeta watumishi wote wa umma, cha kuthibitisha kwamba haumwi.

"Sasa baba," Mwalimu aliuliza, "daktari akiniandikia vyote viwili, si ataonekana mlevi?"

Bwana Chambuso alikiri kwamba hilo limewahi kuwasumbua. Lakini alitoka kumsindikiza mpaka getini, na hilo Mwalimu alilisema kila aliposimulia.

Kiti cha mgonjwa kikaenda kwa bwana mmoja mwenye mashamba, aliyeugua surua akiwa na miaka minne na akapona kabisa. Wizara ikasema ana uzoefu wa pande zote mbili.

*

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nchi ile, maana msomaji wa nchi nyingine hatanielewa. Kule mkubwa haji. Mkubwa anawakilishwa. Ukimwalika waziri kwenye mahafali atamtuma naibu, naibu atamtuma mkurugenzi, mkurugenzi atamtuma anayekaa chumba cha jirani, na huyo atasimama mbele yenu asome hotuba kama ilivyoandikwa: "Mimi kama Waziri nimefurahi kuwaona kwa macho yangu." Na watu watapiga makofi, kwa sababu wameonwa. Hata barua wakubwa hawasaini. Juu ya jina la mkubwa mtu mwingine anaandika k.n.y., yaani kwa niaba yake, anachora kitu kama nyoka, kazi imekwisha.

Bwana Chambuso ndiye aliyeitungia desturi hiyo kanuni, miaka ishirini iliyopita, akaitundika ukutani ukumbini ndani ya fremu: ALIYEWAKILISHWA AMEHUDHURIA. ALICHOSEMA MWAKILISHI AMEKISEMA MWENYEWE, NA HAKIRUDI NYUMA.

Tuendelee.

*

Uzinduzi wa kamati ulifanyika mwezi wa tatu tangu lile tangazo, saa nne asubuhi, na ukarushwa moja kwa moja redioni. Sisi tulikuwa kwenye biashara. Shangazi alikuwa ameshatoka kwenye nusu kidonge na kuingia kwenye robo. Mzee Kondo alikuwa kwenye benchi letu anakunywa chai, na redio ilikuwa juu ya ndoo ya unga.

Hotuba ya Waziri Mpondo ilisomwa na mtu mwenye mafua. "Mimi kama Waziri," alisema, akapenga, "siwezi kulala mwananchi wangu anapokosa kidonge." Utepe ukakatwa. Kwaya ikaimba wimbo wenye beti nane juu ya ruzuku. Ndipo wajumbe wakatajwa majina na kila mmoja akashangiliwa, ingawa mtangazaji alisema viti vya mbele vilikuwa wazi.

Niligeuka kumwambia Shangazi kitu cha kuchekesha. Nimekisahau. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anaangalia mahali pasipo na kitu, halafu akaenda chini upande wa jiko. Mzee Kondo alilisukuma karai kwa mguu, mafuta yakaruka. Nilikaa chini nikamlaza ubavu, kichwa chake juu ya khanga yangu, nikahesabu kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Nilifika mia moja na arobaini. Kwaya ilikuwa ubeti wa sita.

Alipozinduka mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka kiwiko mpaka kifundo. Akauliza kama maandazi yameungua.

"Yameungua, Shangazi."

Redio ikasema kamati itakutana rasmi kikao cha kwanza baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Sikudhani, zima jiko. Kuanzia kesho nakwenda kukaa kwenye benchi la dirisha namba nne. Nikianguka tena sitaangukia kwenye mafuta yangu. Nitaangukia mlangoni kwao, wanirukeruke wao."

*

Benchi lile liko kwenye varanda, katikati ya dirisha namba nne na mlango wa ukumbi. Siku ya kwanza tulikuwa wawili. Siku ya pili Mzee Kondo alikuja na mto wake. Siku ya tatu Mwalimu Nyamizi, na baadaye wakaja watu watatu wa pumu waliokuwa wakipeana zamu ya kukohoa. Mlinzi alijaribu kutuondoa. Shangazi akamwonyesha ile karatasi ya TUNASUBIRI KAMATI na kumwambia kwamba na sisi ndicho tunachofanya, tunatii tangazo. Mlinzi akaenda kuuliza, na aliyekwenda kumuuliza alikuwa amewakilishwa.

Siku ya kikao tulikuwa tumekaa pale siku kumi na mbili. Mkebe wa Shangazi ulikuwa na vidonge vitatu.

Saa tatu likaja gari kubwa jeusi. Akashuka dereva, kijana wa watu aitwaye Mashaka, na barua mkononi. Profesa Ludigo alikuwa nje ya nchi kwenye mkutano wa kupunguza safari za nje ya nchi. Alimwachia barua naibu wake, naibu alikuwa na kikao cha harusi, akampa karani wake, karani alikuwa anaumwa jino, akampa Mashaka. Na Mashaka alitakiwa saa tatu na nusu awe shuleni kuwachukua watoto wa karani. Alisimama mlangoni akiangalia saa, akaangalia benchi.

"Shangazi, samahani. Una haraka?"

"Haraka ya nini, baba, nimekaa hapa siku kumi na mbili."

"Basi naomba unikalie kidogo humo ndani. Ni kiti tu. Kuna maji ya chupa na feni."

Akaweka barua juu ya boneti, akaandika k.n.y. chini ya zile k.n.y. nyingine, akachora nyoka wake na kuondoka.

Jamani, sikuona aibu ya mtu siku ile, niliona desturi ikitembea. Gari la pili likaja, la tatu likaja. Bwana Stempu alikuwa na msiba wa mtu ambaye naye aliwakilishwa. Shemeji wa mtu alikuwa kwa mtu. Kila dereva aliangalia saa, akaangalia benchi. Kufika saa nne kasorobo benchi lilikuwa tupu, nimebaki mimi peke yangu. Ndipo akaja mtu kwa pikipiki na barua ya bwana mwenye mashamba, mjumbe wa kiti cha wagonjwa. Alikuwa ameomba udhuru: anaumwa.

Hivyo ndivyo mtu pekee asiyemeza kidonge chochote katika ukumbi ule alivyokuja kuwawakilisha wagonjwa.

*

Bwana Chambuso aliingia na faili lake akakuta viti saba vimejaa. Nadhani hakuwahi kuona akidi ikitimia, maana alirudi mlangoni kuangalia kama ni ukumbi wenyewe. Akaomba barua. Akazisoma mara ya kwanza, akazisoma mara ya pili, akazinyanyua kwenye mwanga kuangalia mihuri. Mtu mmoja wa pumu alikuwa akipiga mluzi kifuani. Halafu akauangalia mkono wa Shangazi uliofungwa bendeji, akauangalia muda mrefu kuliko alivyoziangalia barua.

"Hazina kasoro," alisema taratibu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, karibu ufungue kikao."

Ajenda iligawiwa. Kwanza, kufungua kikao. Pili, itifaki. Tatu, ubora wa viti. Nne, chai. Tano, kupanga tarehe ya kupanga tarehe. Sita, mengineyo. Shangazi hasomi sana, akaniomba nimsomee, nami nikamsomea kwa sauti.

"Dawa ziko wapi humo?"

Bwana Chambuso akakohoa, akasema dawa, kwa utaratibu, zingeangukia kwenye mengineyo, kama muda ungeruhusu.

"Basi tuanze na mengineyo."

"Haijawahi kutokea, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Inakatazwa?"

Bwana Chambuso alifungua kanuni alizoziandika mwenyewe. Akazipekua mpaka nyuma. Akasema hazikatazi, kwa kuwa wakati wa kuziandika hakuna aliyefikiria kwamba mtu atayataka mengineyo kwanza.

Orodha ilikuwa na dawa mia mbili na kumi na mbili, iliyoandaliwa na waganga wa kweli miaka miwili nyuma. Mwalimu Nyamizi aliisoma kama anavyoita mahudhurio. Tulipitisha ya sukari, ya pumu, ya moyo, ya shinikizo. Aliposoma ya kifafa Shangazi alinyanyua mkono wenye bendeji, na sote tukanyanyua yetu. Mia mbili na kumi na moja zilipita. Moja ilikwama, namba sabini na tisa, ambayo sijui iliingiaje: dawa ya kuotesha nywele kwenye vipara vya viongozi. Mzee Kondo, mwenye kipara, alitaka ipigiwe kura ya ndiyo.

"Hiyo," Shangazi alisema, "iundiwe kamati."

Dakika ishirini na nne. Chai ilikuwa bado haijachemka.

Bwana Chambuso alipiga muhtasari kwa mashine, akaupiga mihuri yote tisa, akaupeleka kwa miguu yake dirisha namba nne. Yule dada wa dirishani alisoma, akabandua ile karatasi, akafungua. Shangazi alimeza kidonge pale pale, kizima, kwa maji ya chupa ya Profesa Ludigo. Akaufunga mkebe na kuutikisa sikioni mwake kama mtu anayesikiliza redio.

*

Kesho yake Waziri Mpondo alikuja mwenyewe. Narudia, mwenyewe, kwa mwili wake. Watumishi wengi hawakumtambua, mlinzi akamdai kitambulisho. Ndipo tukajua mambo ni makubwa.

Tulikuwa ukumbini, kwenye viti vyetu, maana Shangazi alisema kikao hakijafungwa mpaka ajenda ya chai. Waziri alisimama mlangoni, kitambulisho bado mkononi.

"Wewe mama ni nani?"

"Mimi ni Profesa Ludigo," Shangazi alisema. "Kwa niaba."

Waziri akasema nchi ina wenyewe. Akasema ruzuku ni jambo la kitaalamu na haiwezi kuamuliwa na watu wanaoumwa, kwa sababu watu wanaoumwa wana upendeleo. Akasema tumedanganya. Bwana Chambuso akamwekea barua saba mezani, zimepangwa kwa tarehe. Waziri aliwatazama nyoka wale wote, akapiga meza.

"Nafuta. Nafuta uwakilishi huu na kila uliofanyika wa namna hii, tangu mwanzo."

Bwana Chambuso akachomoa kalamu. "Tangu mwanzo, Mheshimiwa?"

"Tangu mwanzo."

Sasa, Bwana Chambuso ni mtu asiyefanya jambo nusu. Alikwenda masijala akarudi anasukuma toroli la mafaili lenye vumbi la miaka ishirini, akaomba radhi kwa vumbi, akasema tukifuta kwa utaratibu inabidi tuanze na ya juu ya Wizara. Akampa Mwalimu Nyamizi faili la kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye miwani.

Ilikuwa barua ya uteuzi wa Waziri Mpondo. Mkuu wa nchi siku ile alikuwa safarini, k.n.y. Katibu wake. Katibu alikuwa kwenye semina, k.n.y. msaidizi wake. Msaidizi alikuwa likizo. Na chini kabisa, kwa maandishi yaliyonyooka, saini ya mpishi wa Ikulu, zamu ya asubuhi.

"Mwandiko mzuri," Mwalimu alisema. Miaka arobaini ya kusahihisha madaftari haimwachi mtu. Kisha akavua miwani. "Tukishaifuta hii, Bwana Mpondo, nani atasaini ya kutufuta sisi?"

Alisema Bwana Mpondo. Sote tulisikia, na feni ilisikia.

Waziri alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo, yaani alikaa mezani. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa alikuwa mtu mwingine: akatupongeza, akasema haya yote ameyapanga yeye, akaagiza redio itangaze hivyo. Redio ikatangaza. Sisi hatukubisha, dirisha lilikuwa wazi.

Lakini kabla hajatoka alimwinamia Shangazi, sauti chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Basi mama, angalau kiti. Mwachie Profesa kiti chake."

"Mheshimiwa, mimi nina adabu zangu," Shangazi alimjibu. "Nimeombwa nimkalie mwenye kiti mpaka aje. Mwenyewe akija nampisha saa hiyohiyo. Mwenyewe, lakini."

*

Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu tukalie viti vile. Profesa Ludigo ameshatuma wawakilishi wanne kuja kudai kiti chake, na kila mmoja Bwana Chambuso amemrudisha kwa heshima na soda, akimweleza kwamba nafasi ya mwakilishi imeshajazwa, iliyo wazi ni nafasi ya mwenyewe tu. Profesa yuko njiani, tunaambiwa. Kamati hukutana kila Jumatano na huanza na mengineyo. Chai ni ya kwetu, na maandazi ni ya kwetu, mkono wa Shangazi umepona ukaacha kovu lenye umbo la nchi ile, na hajaanguka tena.

Na kama kuna mkubwa yeyote aliyeudhika na niliyoyaandika, nitamjibu bila woga, anikute nje ya stendi. Ila asitume mtu. Aje mwenyewe.